Isotopu kwa peremende: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walimu wa kemia na wanafunzi wa sekondari nchini Uganda wanaotaka kufundisha au kuelewa isotopu (atomi za elementi moja zinazotofautiana masi) na wastani wa masi ya atomi kwa vitu vinavyopatikana dukani. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo zoezi huharibika.

Zoezi lenyewe ni lipi?

Kila kundi la wanafunzi hupewa mfuko wenye peremende za aina tatu zinazotofautiana uzito. Mfuko mzima ni elementi moja ya kubuni. Tuiite Pipiamu, alama yake Pp. Kila aina ya peremende ni isotopu moja ya Pp, na kila peremende ni atomi moja. Wanafunzi wanahesabu, wanapima, wanatafuta asilimia ya kila aina, kisha wanakokotoa wastani wa masi ya atomi moja ya Pp. Namba watakayoipata ni ya jinsi ileile na 35.5 wanayoiona kwenye klorini katika jedwali la elementi.

Vipindi viwili vya dakika 40 vilivyounganishwa vinatosha, mradi peremende zimechanganywa kabla ya darasa kuanza.

Hatua ni zipi?

1. Tenganisha peremende kwa aina, kila aina kwenye kikombe chake. Kikombe cha aina nyepesi kabisa kiandike Pp-A, kinachofuata Pp-B, kizito Pp-C.
2. Hesabu kila kikombe. Mwanafunzi wa pili ahesabu upya bila kuambiwa jibu la kwanza.
3. Weka kikombe kitupu kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha pima peremende zote za aina A kwa pamoja. Rudia kwa B na C.
4. Gawanya masi ya kila aina kwa idadi yake. Hiyo ndiyo masi ya isotopu moja.
5. Gawanya idadi ya kila aina kwa jumla ya peremende zote. Hiyo ndiyo sehemu ya wingi wake. Ukizidisha kwa 100 unapata asilimia.
6. Zidisha masi ya kila isotopu kwa sehemu yake ya wingi, kisha jumlisha majibu matatu.
7. Hakiki: pima peremende zote kwa mkupuo, gawanya kwa idadi yote. Jibu lazima likaribiane sana na la hatua ya 6.

Hatua ya 7 huachwa na wengi kwa kuona inarudia kazi. Tunasisitiza ifanywe. Ndiyo inayomwonyesha mwanafunzi kwamba kanuni ya kuzidisha na kujumlisha si mazingaombwe ya mtihani: ni njia nyingine ya kugawanya masi yote kwa atomi zote. Tofauti ni kwamba atomi halisi hatuwezi kuzihesabu moja moja, ndiyo maana tunatumia asilimia.

Nipeni mfano wa hesabu kamili.

Tuseme mfuko una peremende 50.

Pp-A: 28, masi ya zote gramu 61.6, kwa hiyo moja ni gramu 2.20. Wingi 28 ÷ 50 = 0.56.
Pp-B: 14, gramu 49.0, moja ni 3.50. Wingi 0.28.
Pp-C: 8, gramu 36.0, moja ni 4.50. Wingi 0.16.

Wastani = (2.20 × 0.56) + (3.50 × 0.28) + (4.50 × 0.16) = 1.232 + 0.980 + 0.720 = gramu 2.932.

Uhakiki: 61.6 + 49.0 + 36.0 = 146.6; ukigawanya kwa 50 unapata 2.932.

Tazama kwamba hakuna peremende hata moja mfukoni yenye gramu 2.932. Mwulize mwanafunzi aitafute. Akishakubali kwamba haipo, hatasema tena kwamba kuna atomi ya klorini yenye masi 35.5.

Kwa nini tusijumlishe masi tatu na kugawanya kwa tatu?

Kosa hili ndilo linalopoteza alama nyingi kuliko mengine yote katika mada hii. Kwa mfano wa juu: (2.20 + 3.50 + 4.50) ÷ 3 = 3.40. Ukizidisha 3.40 kwa peremende 50 unapata gramu 170, lakini mizani inasema 146.6. Zile gramu 23.4 za ziada zimetoka wapi? Zimetokana na kuihesabu C, ambayo ni adimu, kana kwamba ni nyingi sawa na A.

Tunashauri wanafunzi waachwe wakokotoe 3.40 kwanza, waizidishe kwa idadi, kisha wagongane na mizani wenyewe. Mwalimu akikimbilia kuwaonya, wanaandika onyo daftarini na kosa linarudi siku ya mtihani.

Kwa isotopu mbili zenye masi tofauti, kuna hali moja tu ambapo wastani wa kawaida hukubaliana na wa kweli kwa makadirio, nayo ni pale isotopu zinapokaribia kuwa sawa kwa wingi. Bromini ni mfano: bromini-79 ni asilimia 50.69 na bromini-81 ni 49.31, na wastani wake ni 79.904.

Ninunue peremende gani?

Peremende za chokoleti za rangi rangi zinazotajwa kwenye maelezo mengi ya Marekani hupatikana kwenye supamaketi kubwa za Kampala kwa bei isiyostahili zoezi la darasa la watu themanini. Achana nazo. Nenda kwenye duka la jumla (Kikuubo kama uko Kampala, au duka la jumla lolote la mjini kwenu) ununue paketi za aina tatu:

Aina nyepesi: chingamu ndogo zenye ganda la sukari.
Aina ya kati: peremende ngumu za kawaida, zile zinazouzwa moja moja kwa shilingi mia.
Aina nzito: tofi kubwa au peremende ngumu zenye chingamu ndani.

Aina zenyewe si muhimu kuliko masharti mawili. La kwanza, masi za aina tatu zitofautiane waziwazi. La pili, peremende za aina moja zikaribiane masi. Kabla ya kununua kwa wingi, chukua kumi za kila aina upime moja moja. Ikiwa tofauti kati ya nyepesi na nzito ndani ya aina moja inazidi nusu ya pengo lililopo kati ya aina hiyo na inayofuata, badilisha aina. Tofi zilizokatwa kwa mkono ndizo zinazosumbua zaidi.

Peremende za kijiti usitumie. Kijiti huleta mjadala wa iwapo nacho ni sehemu ya atomi, na huo mjadala haufundishi kitu.

Nina peremende za aina moja zenye rangi tofauti. Si zinatosha?

Hapana, isipokuwa uongeze jambo moja. Zikiwa na masi sawa, wastani utakuwa sawa na masi ya peremende yoyote, haijalishi rangi zimegawanyika vipi. Nyekundu gramu 3, njano gramu 3, kijani gramu 3: wastani ni 3. Mwanafunzi atafuata hatua zote sawasawa na hataona kwa nini wingi una maana. Zaidi ya hapo, kosa la wastani wa kawaida litampa jibu sahihi, na mwalimu hataligundua.

Jambo la kuongeza ni kuzipa rangi masi za kubuni. Andika ubaoni: nyekundu ni 24, njano ni 25, kijani ni 26. Mizani haihitajiki tena, kuhesabu kunatosha. Tayari una magnesiamu darasani, maana isotopu zake tatu ni hizohizo: 24 kwa asilimia 78.99, 25 kwa 10.00, na 26 kwa 11.01. Kwa kila peremende 100 weka nyekundu 79, njano 10, kijani 11. Wanafunzi wakitumia namba masi, yaani 24, 25 na 26, watapata 24.32, jedwali linasema 24.305. Kwa shule isiyo na mizani njia hii inafaa kabisa, ila inapoteza raha ya kupima.

Kila kundi lihitaji peremende ngapi?

Hamsini ni kiasi kizuri. Kumi ni chache mno: kama beseni la mwalimu lina A kwa asilimia 56, kundi linalochota kumi linaweza kwa urahisi kupata nne au saba, yaani asilimia 40 au 70. Kundi linalochota 50 mara nyingi litapata A kati ya 24 na 32.

Kwa makundi manane andaa beseni moja lenye peremende 400: A 224, B 112, C 64. Hesabu wewe mwenyewe na uandike idadi hiyo mahali wanafunzi hawaoni. Ukichota mifuko yote minane hadi beseni liishe, jumla ya data za makundi yote lazima irudi kwenye 224, 112 na 64. Isiporudi, ama kuna aliyehesabu vibaya au kuna aliyekula.

Peremende kubwa zinajitokeza juu ya beseni. Ni kawaida?

Ndiyo, na huharibu sampuli. Ukitikisa chombo chenye vitu vya ukubwa tofauti, vidogo hupenya kwenye nafasi za chini na vikubwa hubaki juu. Kundi la kwanza linajaza C, la mwisho linabaki na A. Usitikise. Geuza kwa mkono kutoka chini kwenda juu kama unavyochanganya unga na mafuta, na ufanye hivyo kila kabla ya kundi jipya kuchota. Wachote kwa kikombe, si kwa vidole. Vidole hupenda kubwa, hata mtu akifumba macho.

Mizani yetu inasoma gramu nzima tu, kama ile ya jikoni. Inafaa?

Inafaa kama utapima kwa pamoja. Peremende moja ya gramu 2.20 mizani hiyo itaisoma 2, nawe umekosea kwa asilimia 9. Lakini peremende 28 za gramu 61.6 itazisoma 62. Ukigawanya kwa 28 unapata 2.21. Kosa la nusu gramu limegawanywa kati ya peremende 28.

Kwa sababu hiyohiyo, aina adimu ndiyo yenye shaka zaidi. C ziko nane tu, hivyo kosa la nusu gramu humpa kila moja shaka ya gramu 0.06. Ukitaka kuipunguza, makundi matatu yaunganishe C zao kwa kipimo hicho kimoja, kisha kila kundi lirudishiwe idadi yake.

Ukiwa na mizani ndogo ya betri inayosoma gramu 0.01, angalia uwezo wake wa juu. Nyingi hukomea gramu 100 au 200, na ukizidisha huonyesha alama ya kosa au husoma ovyo. Feni ya dari izimwe. Upepo wake unatosha kuchezesha tarakimu ya mwisho.

Hatuna mizani kabisa.

Tengeneza ya rula. Unahitaji rula ya mbao ya sentimita 30, uzi, vikombe viwili vya plastiki vinavyofanana, kipande cha udongo mfinyanzi, na bomba la sindano la mililita 10 au 20 lisilo na ncha, linalopatikana duka la dawa.

Funga uzi kwenye alama ya 15 na uning'inize rula kwenye msumari. Ning'iniza kikombe kimoja kwenye alama ya 1 na kingine kwenye 29. Rula ikiinama upande mmoja, bandika udongo upande mwepesi hadi isimame sawa. Weka peremende kumi kwenye kikombe kimoja. Kwenye kingine ongeza maji kwa bomba hadi rula isawazike. Mililita moja ya maji ni gramu moja kwa usahihi unaotosha hapa. Kwenye joto la nyuzi 25 ni gramu 0.997. Mililita 22 kwa peremende kumi maana yake gramu 2.2 kila moja.

Kinachoharibika mara nyingi ni uzi wa vikombe kuteleza. Kata pengo dogo kwenye ukingo wa rula ili uzi ukae palepale. Na kabla ya kuanza, rula ikiwa imesawazika, ongeza maji kidogo kidogo uone inahitaji mililita ngapi kuonyesha imeinama. Kiasi hicho ndicho usahihi wa mizani yako. Usiandike desimali zinazopita hapo.

Tuondoe karatasi za peremende?

Bora zibaki. Peremende isiyo na karatasi hunata, hukusanya jasho la mikono na haiwezi kutumika darasa lijalo. Masi ya karatasi ihesabiwe kuwa sehemu ya atomi, mradi zote za aina hiyo ziwe nayo. Shida huja pale nusu ya B zimefunuliwa na nusu hazijafunuliwa. Hapo umeunda isotopu ya nne bila kukusudia.

Makundi yamepata wastani tofauti. Nani amepatia?

Huenda wote. Kila kundi limechukua sampuli yake. Andika majibu yote ubaoni kwa mstari mmoja, kisha kokotoa wastani wa peremende zote 400 za darasa. Kwa beseni letu utakuwa 2.932, na majibu ya makundi yatatapakaa pande zote mbili za namba hiyo. Kosa la kweli hutambulika kwa hatua ya 7: kundi ambalo jibu lake la hatua ya 6 halilingani na la hatua ya 7 limekosea hesabu, hata kama namba yake iko karibu na ya darasa.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini basi kila kitabu kina 35.5 ilhali kila kipande cha chumvi ni sampuli tofauti. Jibu ni idadi. Gramu moja ya chumvi ya mezani ina atomi za klorini zipatazo 10,000,000,000,000,000,000,000. Kwa idadi hiyo, bahati ya kuchota haionekani kabisa.

Asilimia zangu zinajumlika kuwa 99.9 au 100.1.

Ni kukadiria desimali. Usibadilishe tarakimu ili zifike 100. Fanya hesabu kwa sehemu zenye desimali nne, au bora zaidi acha sehemu jinsi ilivyo (28/50) kwenye kikokotoo, ukadirie mwishoni tu. Zikijumlika kuwa 96 au 104, hapo umehesabu vibaya. Rudi kwenye vikombe.

Tunatokaje kwenye Pipiamu kwenda elementi halisi?

Anza na chumvi ya Ziwa Katwe. Sodiamu yake ina isotopu moja tu ya asili, sodiamu-23: mfuko wa peremende za aina moja. Klorini yake ina mbili, klorini-35 kwa asilimia 75.76 na klorini-37 kwa asilimia 24.24, yaani karibu tatu kwa moja. Mfuko wa nyepesi 30 na nzito 10 unaiwakilisha vizuri.

Kisha nenda Kilembe. Shaba iliyochimbwa pale, kama shaba ya kwingineko, ina shaba-63 kwa asilimia 69.15 na shaba-65 kwa 30.85. Uwiano wa tisa kwa nne unaikaribia kiasi cha kushangaza: 9 ÷ 13 ni asilimia 69.2. Weka 36 na 16, jumla 52. Kobalti, iliyotolewa Kasese kutoka kwenye mabaki ya mgodi huohuo, ina isotopu moja tu ya asili, kobalti-59. Kwa mfuko mmoja wa aina mbili na mwingine wa aina moja unaeleza madini mawili ya mlima mmoja. Fosforasi ya fosfeti za Sukulu, Tororo, nayo ni ya aina moja, fosforasi-31.

Uwiano mwingine unaofaa kuigizwa: boroni-10 na boroni-11, moja kwa nne, galiamu-69 na galiamu-71, tatu kwa mbili, lithiamu-6 na lithiamu-7, moja kwa kumi na mbili.

Kwa nini jibu langu la shaba ni 63.617 na jedwali linasema 63.546?

Kwa sababu umetumia namba masi, 63 na 65. Hizo ni idadi ya protoni na neutroni, si masi iliyopimwa. Masi halisi ni 62.930 na 64.928. Ukizitumia: (62.930 × 0.6915) + (64.928 × 0.3085) = 63.546.

Tofauti hiyo hutokea kwa sababu protoni na neutroni zinapoungana kuwa kiini, sehemu ndogo ya masi hutoka kama nishati. Kipimo chenyewe kimewekwa ili kaboni-12 iwe 12 kamili. Elementi nyingine hazidondokei kwenye namba nzima. Ndiyo maana hata kobalti, yenye isotopu moja, ni 58.933 na si 59.

Peremende haziwezi kuonyesha jambo hili. Usijaribu kuzilazimisha.

Mtihani unatoa wastani na kutaka asilimia. Peremende zinasaidia?

Sana. Mpe mwanafunzi mfuko uliofungwa wenye aina mbili tu, mwambie idadi yote na masi za A na B, apime mfuko mzima bila kuufungua (toa masi ya mfuko mtupu), kisha atabiri A ni ngapi. Halafu aufungue.

Hesabu ni ileile ya karatasi. Tuseme A ni sehemu x, basi B ni 1 − x. Kwa klorini: 35x + 37(1 − x) = 35.5, hivyo 37 − 2x = 35.5, na x = 0.75. Asilimia 75 na 25.

Angalizo: ukifanya hivi kwa shaba ukitumia 63.5, 63 na 65, nayo inatoa asilimia 75, wakati kipimo halisi ni 69.15. Kwenye mtihani toa jibu linalotokana na namba ulizopewa. Ila mwanafunzi ajue kwamba kosa dogo kwenye wastani hukua sana ukirudi nyuma, kwa kuwa pengo kati ya isotopu mbili ni dogo.

Jibu liandikwe kwa gramu?

Wastani wa peremende, ndiyo. Masi linganifu ya atomi haina kipimo, maana ni ulinganisho na kaboni-12. Ukitaka kuigiza hilo pia, chagua peremende ya aina ya nne, uitangaze kuwa ni 12 kamili. Ikiwa ina gramu 2.40, basi kizio chenu ni gramu 0.20, na Pipiamu ni 2.932 ÷ 0.20 = 14.66, bila kipimo. Wanafunzi wa S.5 hulifurahia hili; wa S.3 linaweza kusubiri.

Mfano huu unapotosha wapi?

Sehemu nne, na mwalimu azitaje waziwazi. Peremende za aina tatu zina ladha na ukubwa tofauti, ilhali isotopu za elementi moja zina protoni sawa, elektroni sawa na tabia za kikemia zinazokaribia kuwa sawa kabisa. Isotopu nzito si atomi kubwa zaidi kwa upana. Neutroni za ziada zimo ndani ya kiini. Tofauti ya masi kwenye peremende ni kubwa kupita kiasi: C yetu ni zaidi ya mara mbili ya A, ilhali klorini-37 inaizidi klorini-35 kwa asilimia 6 hivi tu. Na mwisho, peremende mbili za aina moja hutofautiana kidogo, lakini atomi mbili za isotopu moja katika hali yake ya kawaida hazitofautiani masi hata chembe.

Wanafunzi wengi huja wakiamini kila isotopu ni ya mionzi. Klorini-35, klorini-37, shaba-63 na shaba-65 zote ni thabiti. Lisemwe mapema.

Atomi halisi huhesabiwaje, kama hazionekani?

Kwa spektromita ya masi. Atomi hupewa chaji, hurushwa, kisha hupindishwa kwa sumaku. Nyepesi hupinda zaidi kuliko nzito, na kila kundi hutua mahali pake na kuhesabiwa. Francis Aston alitengeneza chombo cha aina hii Cambridge mwaka 1919, akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1922. Vikombe vyenu A, B na C vinafanya kazi ya mahali pale atomi zinapotua.

Kwa nini jedwali moja lina 35.5, jingine 35.45, na jingine namba mbili kwa klorini?

35.5 ni 35.45 iliyokadiriwa kwa ajili ya shule. Zile namba mbili, 35.446 na 35.457, ni masafa yanayotolewa na IUPAC, muungano wa kimataifa wa kemia, kwa baadhi ya elementi, kwa kuwa wingi wa isotopu hubadilika kidogo kulingana na mahali sampuli ilipotoka. Lithiamu huonyesha zaidi: 6.938 hadi 6.997. Darasani tumia namba iliyo kwenye jedwali la mtihani wako.

Naweza kutumia maharagwe au karanga badala ya peremende?

Ndiyo, na kwa shule nyingi ni bora: ni rahisi, hayanati, yanadumu muhula mzima. Changanya maharagwe makubwa, maharagwe madogo na mahindi. Tatizo ni kwamba mbegu za aina moja hutofautiana masi kuliko peremende za kiwandani, na moja ni sehemu ya gramu tu. Kwa hiyo tumia 200 kwa kundi badala ya 50, na pima kwa mizani inayosoma angalau gramu 0.1. Yaliyotobolewa na wadudu yatoe. Karanga ziulizie kwanza: kuna wanafunzi ambao kuzigusa tu huwadhuru.

Wanafunzi wanaweza kuzila baadaye?

Zilizopimwa, hapana, hasa kama zoezi limefanyika maabara ambako meza hukutana na asidi na chumvi za shaba. Tenga paketi isiyofunguliwa ugawe nje ya mlango mwishoni. Ukitangaza hilo tangu mwanzo, hesabu za makundi huwa sahihi zaidi.

Zinahifadhiwaje hadi muhula ujao?

Kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, mbali na dirisha. Sukari hunyonya unyevu wa hewa, na msimu wa mvua peremende huongezeka masi na kunata kwenye karatasi, kwa hiyo pima upya kila muhula. Usitumie masi zilizoandikwa mwaka jana. Tofi na chokoleti haziwezi joto la darasa la mabati mchana. Sisimizi wakishaingia koponi, tupa zote: peremende zilizoliwa upande mmoja hazina tena masi moja ya aina yake.